Honi Iliyojazwa Nyasi

Macho ya Hilaria yalikuwa mzaha wa kijiji kizima cha Kwamhingo. Watu walisema anaweza kumwona siafu anayechechemea akiwa ng'ambo ya shamba. Ndiyo maana kijiji kilipotafuta mtu wa kulinda uwanja wa ndege hapakuwa na mabishano marefu. Mwenyekiti, mzee Mdoe, alisema, "Wanaume watalala chini ya bawa. Mpeni yule mjane," na mkutano ukaendelea na habari za mbegu za pamba.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi fupi, hatua mia nane kwa miguu ya Hilaria. Wanakijiji waliufyeka kwa mikono yao baada ya kuhamishwa vitongojini na kuletwa kukaa pamoja. Kila Jumatano ya pili, umande ukiwa bado haujakauka, Hilaria aliutembea wote, kwenda na kurudi, rozari mkono mmoja na jembe mkono mwingine, akifukia mashimo ya ngiri na kuokota mawe. Kisha alifukuza mbuzi, akatazama kile kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya mlingoti kuonyesha upepo unakotoka, akakaa juu ya debe kusubiri.

Ndege ilikuwa ndogo, ya viti vinne, mabawa yake yakiwa juu ya milango. Ilimleta daktari kutoka Korogwe kutazama wajawazito na kuchanja watoto. Rubani alikuwa Fabiani, mtoto wa kambi za wakata mkonge kule Ngombezi. Hilaria alimfahamu tangu hana meno ya mbele, maana mumewe, marehemu Gregori, alifanya kazi kiwandani kulekule, na Bernadina, mama yake Fabiani, alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja. Gregori alipofariki, Hilaria alirudi kwao, huku Handeni, na sufuria tatu na picha ya Mama Maria. Fabiani naye alisoma, akapelekwa Soroti, Uganda, kujifunza kurusha ndege, akarudi mrefu mpaka anainama mlangoni. Lakini hata angekuwa na haraka kiasi gani, hakumpita Hilaria bila "Shikamoo mama."

Ndege ile ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ni ya injini, ambayo kila mtu aliitarajia. Ya pili ilitoka mwishoni, ndege ikiwa imeshuka hadi kimo cha mnazi na injini imenyamazishwa: mlio mwembamba, wa kuvutika, kama filimbi ya bua la mpapai. Mlio huo uliendelea mpaka magurudumu yaguse nyasi.

Mzee Mdoe ndiye aliyeutolea tafsiri. "Basi likikaribia gulio la Kabuku hupiga honi," alisema. "Anayepigiwa ni nani? Si abiria. Ni yule aliyesimama njiani na kikapu chake. Na ndege ni hivyo hivyo. Huyu Fabiani ana adabu, anatupisha." Tafsiri hiyo ikakubalika kwa wote. Hilaria naye aliiamini. Kila ndege ilipolia aliinua mkono juu, kumjulisha Fabiani kwamba honi imesikika na njia ni nyeupe.

Alikuwa ameona na jambo jingine. Kabla ya kuondoka, Fabiani huizunguka ndege yote. Hugusa magurudumu, hutikisa mkia, huchota petroli kidogo kwenye glasi akaitazama juani. Akifika bawa la kushoto, husimama mbele yake, huweka leso juu ya kitundu kidogo kilicho kwenye ukingo wa bawa, huweka mdomo, akanyonya. Honi hulia. Mwatumu, muuza maandazi, alipoliona jambo hilo mara ya kwanza alishika kiuno. "Jitu zima," alisema, "halijaachishwa ziwa." Wanawake walicheka mpaka maandazi yakaungua. Hilaria alidhani anajaribu honi yake, kama dereva wa lori anavyojaribu kabla ya safari. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa kuona zaidi ya kuuliza.

Ikaja Jumatano moja ya masika ya mwaka sabini na tano. Mvua ilikuwa imekata barabara mara mbili, na lori la ushirika lilikuwa limezama kwenye tope siku tatu. Ndege ilitua asubuhi, ikalia kama kawaida, Hilaria akainua mkono. Fabiani na daktari wakabeba masanduku ya chanjo kwenda zahanati, nusu saa kwa miguu. Hilaria akabaki na ndege.

Saa tano alimwona Parit akija. Parit alikuwa Mmaasai wa makamo, boma lake liko mwisho wa uwanja upande wa magharibi, pale ndege inapopita juu ya mapaa ikielekea kutua. Mbele yake alikuwa anaswaga ng'ombe kama thelathini, na Hilaria akahisi kuna kitu kimepungua, hajui ni nini.

"Takwenya, mama," Parit alimsalimu.

"Iko," Hilaria alijibu, maana aliyajua hayo kwa ujirani. "Ng'ombe wako leo wanatembea kama wezi. Nimewaona, lakini sijawasikia."

"Nimezijaza nyasi kengele zao."

Alimwita dume la mbele, akainua kengele iliyoning'inia shingoni. Ndani mlikuwa na nyasi zilizosokotwa na kushindiliwa mpaka ulimi wa kengele umeshikwa usicheze.

"Namelok ameshikwa na uchungu tangu jana jioni," alisema. Namelok, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa mke wa mwanawe Sironka, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. "Kwetu mzazi akishikwa, kengele zinalala. Hakuna kinacholia bomani mpaka mtoto alie yeye kwanza."

"Daktari yupo zahanati. Mbona hamjampeleka?"

"Wakunga wawili wako naye. Wamesema bado. Wakisema twende, tutakwenda." Akaitazama ndege. "Lakini hii yenu imempitia juu asubuhi ikilia. Ameshtuka, ameshika nguzo. Na jioni ikiinuka hulia tena kidogo. Mdomo wa kengele yake uko wapi?"

Hilaria alijua uliko. Alijua pia kwamba hakuwekwa pale kuonyesha watu viungo vya ndege. Lakini aliyekuwa mbele yake ni mkubwa wa boma, hakuja kwa ubishi, alikuja kwa ajili ya mzazi. Naye Hilaria alikuwa amezaa mara tatu katika chumba kimoja cha kambi, king'ora cha kiwanda kikimpasua masikio, akitamani mtu mmoja tu akinyamazishe. Akaelekeza kidevu kwenye bawa la kushoto.

"Nishikie," Parit alisema, akampa fimbo.

Hilaria akaipokea. Parit alichuma nyasi changa, akazisokota, akazipaka mafuta ya kondoo kutoka kikopo kilichokuwa kiunoni, akazipachika tunduni taratibu kwa kidole, kama anayemfunga mtu kidonda. Hilaria hakuangalia. Alitazama kile kitambaa chekundu, ingawa hapakuwa na upepo wa kutazama. Parit alipomaliza alichukua fimbo yake, akashukuru, akaenda na ng'ombe wake wasiolia.

Saa nane Fabiani alirudi peke yake. Hilaria alikuwa amempikia ugali na kisamvu, akamwekea kivulini chini ya bawa la kulia, wakala pamoja. Fabiani alikula kama mtu aliyelelewa na Bernadina, yaani bila kuacha kitu. Hilaria akaona afadhali aulize, apate la kumwambia Parit siku nyingine.

"Mwanangu, hii honi. Huwezi kuipiga polepole ukipita juu ya boma la watu?"

"Honi ipi?"

"Ile unayotupigia tupishe njia."

Fabiani aliacha kutafuna. Kisha akacheka, mkono mdomoni. "Ile haimpigii mtu wa chini, mama. Inanipigia mimi."

"Wewe uliye ndani?"

"Mimi niliye ndani. Tena siipigi mimi. Inajipiga yenyewe." Alifuta vidole. "Unakumbuka baba yangu akipanda kile kilima cha kambini na baiskeli, nyuma ana mzigo wa kuni? Mwendo ukimwishia, baiskeli inayumba kwanza, ndipo inaanguka. Basi ndege nayo inabebwa na upepo unaolipita bawa. Ukiinua pua mno, mwendo ukapungua, upepo unaliachia bawa. Na wewe umekaa hapo, mbele yako unaona mawingu tu, moyoni unasema ninapanda, kumbe unashuka kama jiwe. Ukiwa juu sana unaweza kujirudi. Ukiwa karibu na ardhi, huna nafasi."

"Na honi?"

"Wametoboa kitundu pale bawani. Upepo ukianza kuliachia bawa, kitundu kinavuta hewa, filimbi iliyo ndani inalia. Nikiisikia nasukuma pua chini kabla hatujapoteza kimo. Nikiwa natua ni sawa ilie, maana hapo nataka upepo uliachie bawa, magurudumu yako karibu na nyasi. Ndiyo mnayoisikia ninyi."

"Kwa hiyo mimi nikiinua mkono kukujibu…"

"Miaka yote nilidhani unanisalimu."

Alicheka tena. Hilaria hakucheka. Tonge alilokuwa amelishika lilipoa mkononi. Alitaka kusema pale pale. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini akajiambia: sasa hivi ataizunguka ndege, kama kawaida yake. Atafika bawa la kushoto, ataona nyasi, atazitoa, atauliza ni mtoto gani huyu mtundu, na mambo yataisha hapo. Jina la Parit halitatajwa. Na langu halitatajwa. Akachukua sufuria, akaisugua kwa mchanga. Ilikuwa imeshatakata, naye akaendelea kuisugua.

Saa tisa waliwaona watu wakija mbio kutoka upande wa zahanati. Wanaume sita walikuwa wamebeba kitanda cha kamba, Parit akiwa wa mbele kulia, Sironka nyuma yake, wanawake wakifuata na kanga zimeloa jasho. Juu ya kitanda alikuwa Namelok; wakunga walikuwa wamekubali apelekwe zahanati, akafika baada ya Fabiani kuondoka. Hakuwa analia tena. Daktari alikimbia pembeni akishika mkono wake.

"Mtoto amelala mkingamo," alimwambia Fabiani. "Hapa siwezi kumpasua. Barabarani hafiki. Ondoa kiti cha nyuma."

Kiti kikatolewa. Namelok akalazwa sakafuni juu ya godoro, mama mkwe wake, Nalotuesha, akapanda kumshika kichwa, daktari akakaa mbele. Upande wa Usambara wingu lilikuwa limeshuka jeusi mpaka milima imepotea. Fabiani alilitazama wingu, akalitazama jua, akaondoa mawe yaliyozuia magurudumu, akalipiga teke gurudumu moja, akapanda. Hakuizunguka ndege.

Hilaria alimtazama Parit. Parit naye akainua macho kwenye bawa, kisha kwake, na macho yake yakamshukuru kwa ile heshima ya asubuhi. Hapo ndipo Hilaria alipotambua kwamba katika watu wote waliosimama pale, aliyejua ni nini kimeingia kwenye ndege ni yeye peke yake. Kwa Parit ile ilikuwa bado ni kengele.

"Fabiani," aliita. Injini ikameza sauti yake.

Ndege ikajivuta kwenda mwisho wa uwanja. Ilipokuwa inageuka, Hilaria alikuwa na nafasi ya kuhesabu hadi ishirini, na katika hesabu hiyo mambo mengi yalimpitia. Ndege imetua hapa mara ngapi bila tatizo. Kijana ni hodari. Msichana anakufa, na kila dakika ni ya kwake. Ukimsimamisha ukakosea, utasema nini. Ukinyamaza, hakuna atakayejua. Hilo la mwisho ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Kila Jumapili alipiga kifua akiungama mbele ya watu kwamba amekosa, na siku zote alipofika pale pa kutotimiza wajibu alipapita upesi, maana hakuona kwamba panamhusu.

Akavuta kanga yake kiunoni, akakimbia mpaka katikati ya uwanja, akasimama.

Miaka yote hiyo alikuwa amefukuza kila chenye miguu kwenye ukanda ule. Mwatumu akapaza sauti, "Hilaria, toka hapo, inakuja." Ilikuwa inakuja kweli. Nyasi zililala mbele yake, mlio wa injini ukajaa kifuani. Hilaria aliinua mikono yote miwili, safari hii si kwa kujibu honi, akafumba macho. Alipoyafumbua ndege ilikuwa imesimama umbali wa kutupa jiwe, imepinda kidogo, na lile panga la mbele lilikuwa linazunguka kwa ulegevu, likakoma.

Fabiani alishuka. Hilaria hakuwahi kumwona na uso ule. "Mama, umerukwa na akili? Unamwona mgonjwa?"

"Bawa la kushoto," Hilaria alisema. "Honi imezibwa."

Fabiani alikwenda mbele ya bawa. Akatazama. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akachokoa nyasi zile za mafuta, zikatoka kipande kizima na nyingine zikabaki. Akaweka mdomo, akanyonya. Kimya. Akatema majani, akanyonya tena. Kimya.

"Twende hivyo hivyo," daktari alisema kutoka ndani. "Nasema twende."

"Subiri," Fabiani alisema, akaendelea kuchokoa kwa ncha ya kisu.

Hilaria alichomoa uzi mmoja wa mkonge kwenye kamba ya kikapu chake, akaukunja ncha, akaomba sanduku la dawa apande juu yake. Ujana wake wote alikuwa amesuka na kufumua nyuzi zile, vidole vyake viliujua ugumu wake. Aliupenyeza tunduni polepole, akauzungusha, akauvuta. Ukatoka na jani. Akaupenyeza tena. Watu walikuwa wamefika, wamezunguka. Ndani ya ndege Namelok alitoa sauti moja ya chini. Hilaria hakugeuka. Mara ya tano au ya sita uzi ulitoka na donge la mafuta na nyasi.

"Jaribu," alisema.

Fabiani aliweka mdomo. Filimbi ikakoroma, ikakatika, kisha ikalia, nyembamba na ndefu, kama siku zote.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza, huku akirudi mlangoni.

"Mlinzi hapa ni nani? Ni mimi. Nilikuwepo, nikatazama pembeni."

"Ni mkono wangu," Parit alisema nyuma ya watu. Alikuwa amekunja uso, akitazama bawa, kisha mdomo wa Fabiani uliokuwa bado unang'aa mafuta ya kondoo. "Ile si kengele?"

Mlango ulifungwa, injini ikawaka, watu wakakimbia pembeni. Ndege iliinuka karibu na mwisho wa uwanja, ikapita juu ya boma la Parit, ikalia kidogo, ikapinda kuelekea Korogwe na lile wingu.

Zilikuwa zimepotea dakika kumi, pengine zaidi. Habari zilikuja Ijumaa na mtu wa baiskeli: ndege imefika, Namelok amepasuliwa, yu hai. Mtoto alikuwa wa kiume, hakupona.

Tangu saa hiyo dakika zile kumi zilitembea kijijini kama mtu. Hilaria alizikuta kisimani, alizikuta mlangoni pa duka la ushirika. Akifika, wanawake walianza kuzungumza habari za mvua. Jumapili, baada ya katekista kufunga sala, mzee Mdoe alimvuta kando. "Dada," alisema, "jambo hili tuliache lilale. Parit ameumia, wewe ni mjane, na uwanja unahitaji mtu. Tukilichokonoa, wataleta mlinzi kutoka mjini Handeni asiyetofautisha ngiri na nguruwe."

"Likilala litaamka lenyewe, mwenyekiti," Hilaria alimjibu. "Mimi nakwenda Korogwe."

Jumanne alipanda lori hadi Kabuku, akasubiri basi juani. Mapajani aliweka kibuyu cha samli alichopewa na Parit. Parit, aliyekuwa ameshaelezwa kazi ya ile filimbi, alikuwa amekileta mwenyewe alfajiri, akakiweka chini, akasema, "Nilimzibia msichana mdomo wa kuponea. Mwambie hivyo. Mimi nikimwambia atanyamaza kwa heshima." Basi likapita Segera, likaingia kwenye mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka kuifuata. Hilaria alisali rozari mbili, na ya tatu ikamshinda. Kila alipofika kwenye "utuombee sisi wakosefu" aliona mguu wa Namelok ukining'inia kwenye kitanda cha kamba.

Uwanjani mwa hospitali alimkuta Fabiani anapakia masanduku kwenye gari. Walisalimiana.

"Umeandika jina langu kwa wakubwa?" Hilaria aliuliza.

"Nikiandika lako niandike na langu. Mimi ndiye ninayetakiwa kuizunguka ndege, na siku ile sikuizunguka."

"Basi yaandike yote."

Fabiani alikuna kichwa. "Nimeyaandika. Wamesema uendelee mpaka watume barua. Barua yenyewe sijui itasemaje."

"Na siku ile? Ililia?"

"Ililia." Alitazama chini. "Tulipofika juu ya shamba la mkonge mvua ilikuwa inapiga ubavuni, sioni mbele, nimevuta pua juu bila kujua. Ikalia tukiwa bado mbali na uwanja. Nikasukuma pua chini, ikanyamaza."

"Ungejua bila honi?"

"Rubani mzuri anahisi mwilini. Ndivyo tulivyofundishwa." Alifikiri. "Labda ningehisi. Sijui, mama. Nimejiuliza kila siku."

"Na mtoto? Daktari anasemaje?"

"Anasema labda alikuwa ameshachoka toka asubuhi. Labda."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na wagonjwa kumi na tisa. Namelok alilala karibu na dirisha, shanga zake zimefungwa kwenye kitambaa juu ya mto, shingo yake imebaki tupu na nyembamba. Pembeni mwanamke mwingine alikuwa ananyonyesha, na Namelok alikuwa amempa mgongo. Alipomwona Hilaria alijaribu kuinuka, akamsalimu kwa kumwita bibi kwa Kimaasai.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Lala, mwanangu."

Hilaria aliweka kibuyu chini, akabaki amesimama. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, ya pole kwanza, ya Mungu katikati, ya kukiri mwishoni. Yote yalimwacha.

"Nilikuona siku ile," Namelok alisema kwanza. "Nilikuwa chini, lakini mama alikuwa ameniinua kichwa, na ndege ilipopinda nilitazama kwenye kioo cha mlango. Nikaona kanga yako katikati ya njia. Nikasema, huyu bibi amekataa nisiende. Nimemkosea nini?"

"Hukunikosea. Mimi ndiye." Kisha akamweleza. Alimweleza kengele za ng'ombe na heshima ya baba mkwe wake, na maneno aliyotumwa. Alimweleza kidevu chake kilichoonyesha bawa, na fimbo aliyoishika. Alimweleza ugali, jinsi alivyopata habari ya honi saa nane na kuendelea kusugua sufuria mpaka saa tisa. Hapo alisimama kidogo, kwa sababu hapo hata Mdoe alikuwa hapajui. "Kama ningesema saa nane," alisema, "nyasi zingekuwa zimetoka kabla hujaletwa. Dakika zile ni zangu. Siwezi kumpa mtu mwingine."

Namelok alitazama dirishani. Muuguzi alipita na beseni, akarudi, akapita tena.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi. Labda zaidi."

"Na mtoto angeishi?"

"Daktari anasema hajui."

"Na kama ungetuacha twende na nyasi zetu?"

"Fabiani anasema hajui."

"Watu wote hawajui," Namelok alisema. Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwa msamaha. Alikuwa kama mtu anayeshika kitu kizito kupima kama ataweza kukibeba mbali. Machozi yalimtoka, akayaacha yaende sikioni. Hilaria hakuyafuta. Hakuona kama ana haki ya kuyafuta. Alisimama tu pale pale, miguu ikimuuma kwa safari, akisubiri kuambiwa aondoke.

Yule mama wa pembeni alimaliza kunyonyesha, akamlaza mwanawe begani.

Namelok alisogeza miguu yake kwa shida, mkono tumboni juu ya bandeji, mpaka ukingo wa kitanda ukabaki wazi kiasi cha mtu mmoja.

"Umetoka mbali," alisema. "Kaa."

Hilaria akakaa.